Oili ya Kumbeba Paroko

Jumatatu, 15 Aprili

Mkutano wa klabu ya pikipiki, chumba cha nyuma cha baa ya Trina. Tulijaa kuliko kawaida kwa sababu Trina alikuwa ametangaza vlaai ya cheri, ile keki bapa ya matunda ya kwetu, bila malipo. Trina Bemelmans ni mwenyekiti wetu na ndiye mwenye baa, kwa hiyo hapingwi na mtu yeyote ambaye bado ana kiu.

Habari kubwa. Paroko Odekerken anastaafu mwezi wa sita. Askofu hana padri mwingine wa kutuletea kijijini kwetu Eikenrade. Maana yake ni kwamba baraka za pikipiki za mwaka huu, Jumapili ya tarehe 28, ndizo za mwisho. Watu waliacha kula. Nami niliacha, lakini mimi nilikuwa nafikiri.

Kila msimu wa pikipiki unapofunguliwa, pikipiki moja humbeba paroko kupanda mlima wa Kapelberg hadi kwenye kikanisa. Barabara hufungwa. Paroko huketi kiti cha nyuma, mgongo kwa mgongo na dereva, akitunyunyizia maji ya baraka sisi tunaofuata. Kwenye kona ya juu mpiga picha husubiri. Picha hutundikwa ukutani baani, na hapo hukaa milele.

Picha zote za miaka ya karibuni ni za Thei Crombach. Thei akitabasamu. Thei na mvua. Thei na miwani mipya. Mimi nimo katika klabu hii tangu nikiwa na nywele, na ukutani simo. Mbwa wa Trina yumo. Mimi simo.

Thei ni fundi bomba mstaafu na jirani yangu, nyumba ya tatu. Anaendesha pikipiki ya Kijerumani ya zamani, yenye silinda mbili zilizochomoza pembeni kama masikio. Yangu ni ya Kijapani, nyekundu, silinda nne. Kwa kila kipimo ni bora kuliko yake, isipokuwa kipimo cha kuwa ukutani.

Nikasimama. Nikasema kwamba, kwa heshima zote, mwaka wa mwisho unadai ushindani wa haki. Wengine waliguna kukubali. Trina akafikiri, akasema sawa. Paroko siku hizi ana mgongo mbovu na masikio yasiyopenda makelele. Alhamisi ya tarehe 25 tutashindanisha pikipiki zikiwa zimesimama, injini ikinguruma. Itakayotulia kuliko zote ndiyo itakayombeba.

Thei alisema haina neno. Akanitakia kila la heri, halafu akala kipande changu cha vlaai.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Marjo. Akaniuliza kama mapazia ya Bibi Senden yako tayari. Hayako tayari. Nina duka la mapazia, lakini mtu hawezi kushika mambo mawili kwa wakati mmoja.

Jumanne, 16 Aprili

Niliwasha pikipiki gereji, nikafumba macho, nikaisikiliza kama atakavyoisikiliza Trina. Inagonga. Ni mgongano mdogo, kama vijiko ndani ya droo. Ya Thei haigongi. Ya Thei inapumua tu, kama ng'ombe aliyelala.

Jibu ni oili. Lazima iwe oili. Yangu sijaibadilisha kwa muda ambao sitautaja hata humu.

Nilizunguka kuuliza. Kosa. Oili ndiyo dini ya pili hapa Eikenrade, na siku hizi ina waumini wengi kuliko ile ya kwanza. Mwokaji mikate alisema niweke nzito, nyepesi ni ya watoto. Daktari wa meno alisema nzito huua injini asubuhi ya baridi. Walikuwa dukani kwa mwokaji kwa wakati mmoja. Niliwaacha wakiendelea, na foleni ya watu wa mikate imefika nje.

Fundi wa pikipiki kule mjini nilimpigia simu. Akaniambia nifungue kitabu kilichokuja na pikipiki, kila kitu kimo. Nilimshukuru. Kitabu! Kitabu kinasema mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyajua. Mimi nataka mambo anayoyajua Thei.

Kwa hiyo nikaenda kwa Thei mwenyewe, nikasimama kwenye ua wake wa michongoma, nikamsifia maua yake, halafu nikamuuliza anatia oili gani. Aliendelea kuyamwagilia.

"Funs," akasema, "wewe tia ya kwako, mimi nitie ya kwangu, tutakaa vizuri."

Mtu asiye na siri hajibu hivyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Biashara ya mapazia ina faida moja isiyotajwa popote. Ninacho kitambaa ambacho aliye ndani huona nje, na aliye nje haoni kitu. Nilikitundika kwenye dirisha la chumba cha kulala asubuhi. Marjo akauliza pazia letu zuri limekwenda wapi. Nikasema linapumzika.

Mchana Thei alitoa pikipiki yake uani, akaweka beseni chini yake. Anabadilisha oili! Nilichukua darubini. Alimimina kutoka kwenye dumu la buluu. Maandishi yalikuwa upande wa pili. Nikamsubiri aligeuze. Hakuligeuza. Akafuta shingo ya dumu kwa kitambaa, taratibu, kama mhudumu wa mvinyo.

Halafu akainua kichwa, akaliangalia dirisha langu, akapunga mkono.

Haoni kitu. Nimekipima kitambaa hicho mwenyewe. Amepunga kwa kubahatisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya kituo cha taka. Kila mtu hapa hupeleka takataka zake mwenyewe na kuzigawa mwenyewe: mbao huku, vioo kule, oili chafu kwenye pipa lake, madumu ya oili kwenye kizimba chake. Thei huenda kila Jumamosi. Huenda hata akiwa na kopo moja. Ndivyo alivyo.

Nilimfuata na tela. Ili nisionekane mtu asiye na shughuli nilipakia kiti cha bustani cha Marjo. Kwa kuwa mhudumu wa lango alikuwa ananitazama, ilinibidi nikitupe kweli.

Thei alimwaga oili yake chafu, akaweka dumu la buluu kizimbani, akasalimiana na watu wote, akaondoka. Nikakaribia. Nikaingiza mkono. Kizimba ni kirefu kuliko mkono wangu. Nikaingiza na bega.

Mhudumu akaniambia, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye vioo, kwamba hapa watu huleta, hawachukui. Nilimjibu kwamba nimeangusha pete ya ndoa. Akaja kunisaidia kutafuta. Mtu mwema sana. Alitafuta kwa bidii mpaka nikaona aibu, nikajifanya nimeiona pete, na alipogeuka kumwelekeza mama mmoja mwenye jokofu, dumu likaingia ndani ya koti langu.

Nimelisoma jikoni. Oili ya kisasa. Hupunguza msuguano. Huokoa mafuta. Injini hunong'ona. Ndivyo walivyoandika: hunong'ona! Hii ndiyo siri ya ng'ombe aliyelala.

Marjo alichukua dumu, akaligeuza mara moja tu.

"Hii ina picha ya gari," akasema.

Nikamweleza kwamba picha ni mambo ya biashara. Kwenye maziwa kuna picha ya ng'ombe, na hatuwanyweshi ng'ombe. Akasema kwamba pia haoni zile herufi mbili, M na A, ambazo fundi aliwahi kumwambia ziwepo kwenye oili ya pikipiki. Nikamuuliza tangu lini yeye na fundi wanazungumza habari za oili. Akasema tangu siku ile fundi aliponiletea pikipiki na mimi nimejificha kwa sababu ya ankara yake.

Halafu akauliza kiti chake cha bustani kiko wapi.

Mchana nilinunua madumu ya oili hiyohiyo katika duka la vipuri vya magari. Pale kaunta nikaona kichupa kidogo cheusi. Ni dawa ya kuongezea kwenye oili. Hupunguza msuguano zaidi ya oili yenyewe. Nikajiuliza: kama Thei anashinda kwa oili peke yake, nani atamshinda mtu mwenye oili na dawa?

Nikanunua vichupa viwili.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwaga ya zamani. Ilitoka nyeusi na kwa kusitasita, kama shahidi mahakamani. Nimetia mpya, na kichupa cha kwanza. Kichupa kilisema kimoja kinatosha. Nimetia na cha pili. Wanaoandika vichupa ni watu waoga.

Nikawasha. Kimya! Vijiko vimetoka kwenye droo. Nililazimika kuweka mkono juu ya tangi kuhakikisha injini inafanya kazi. Nikamwita Marjo asikilize. Alisikiliza, akakubali kwamba imetulia, akarudi kwenye mapazia ya Bibi Senden, ambayo sasa anayashona yeye.

Nilizunguka kijiji, njia za tambarare. Laini kama siagi. Jambo moja tu la kuandika. Nilipozungusha mshiko wa mafuta kwa nguvu karibu na shule, injini ilipanda sauti haraka sana, na pikipiki yenyewe ikafuata baadaye, bila haraka. Nadhani injini imerudi ujana na mwili wa pikipiki bado haujapata habari.

Alhamisi, 25 Aprili

Ushindi!

Niandike kwa utaratibu. Trina alizipanga pikipiki mbele ya baa. Kipimo chake kilikuwa glasi ya bia iliyojaa mpaka mdomoni, ikiwekwa juu ya kiti cha nyuma, pale atakapoketi paroko, injini ikinguruma. Atakayemwaga kidogo kuliko wote ndiye atakayembeba paroko. Alisema hajui kipimo kingine cha haki ambacho wanachama wote wangekitilia maanani.

Ya mwokaji mikate iliiangusha glasi. Ya daktari wa meno ilimwaga nusu, na yeye akaomba irudiwe kwa sababu ya upepo. Ya Thei ilimwaga tone moja. Moja tu, likateremka taratibu ubavuni mwa glasi, na watu wakaanza kumpongeza.

Kisha yangu. Bia ilitetemeka kidogo usoni, ikatulia. Hakuna tone. Hakuna! Paroko Odekerken, aliyekuwa amekaa pembeni na sahani ya viazi vya kukaanga, akasema angeweza kusali rozari nzima juu ya kiti hicho. Halafu akainywa ile bia.

Thei alinipa mkono. Akauliza nimetia oili gani. Nilimwambia ni siri ya nyumba. Akainama, akaitazama injini, akanusa, akanitazama mimi.

"Umeijaribu mlimani?" akauliza.

Nikamwambia Kapelberg naujua tangu utotoni. Akasema hakuniuliza kama mimi naujua. Wivu ni kitu kibaya kwa mtu wa umri wake.

Trina tayari ametoa picha ya mbwa ukutani ili kunipa nafasi.

Jumamosi, 27 Aprili

Siku ya Mfalme, sikukuu ya taifa letu. Kijiji kizima kimevaa rangi ya chungwa na kila mtu ametandaza vitu vyake vibovu mbele ya nyumba ili kumuuzia jirani. Marjo alipata kiti cha bustani kinachofanana kabisa na chake. Alikinunua kwa mhudumu wa kituo cha taka. Hatujazungumza sana tangu wakati huo.

Alasiri nilimwomba akae nyuma, tufanye mazoezi ya kesho. Alikaa mgongo kwa mgongo nami, kama paroko, akashika mkanda. Tukaenda vizuri hadi kwenye daraja la reli. Daraja hilo lina mwinuko kidogo, mwinuko wa baiskeli za watoto. Hapo injini ikaanza kupiga kelele na pikipiki ikaanza kutembea. Niliongeza mafuta. Kelele zikaongezeka. Mwendo haukuongezeka. Baba mmoja anayesukuma kigari cha mtoto alitupita, akatusalimu.

"Funs," Marjo akasema, "mbona kelele inatangulia na sisi tunaifuata?"

Nikasema ni baridi. Akasema jua linawaka. Nikasema baridi ya ndani. Alipoteremka alinusa, akasema kuna harufu ya kitu kinachoungua, na kwamba Thei yuko nyumbani, na kwamba kumuuliza mtu swali moja hakujawahi kumuua mtu. Oili inaweza kumwagwa leo na kutiwa nyingine leoleo.

Nilifikiri, nakiri. Lakini nikimwaga, vijiko vitarudi kwenye droo, paroko atavisikia, Trina atavisikia, na Thei yuko tayari na tone lake moja. Hakutakuwa na mwaka ujao wa kujaribu tena. Na kwa nini oili ileile imbebe Thei miaka yote hiyo na inishinde mimi? Mlima ni uleule. Paroko ni yuleyule.

Jioni nilifanya mazoezi ya kutabasamu kwenye kioo. Tabasamu la midomo iliyofungwa. Lile la meno linanifanya nionekane ninauza kitu.

Jumapili, 28 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa kwa upande. Mgongo unauma kwa kujikaza juu ya pikipiki.

Asubuhi ilikuwa safi. Pikipiki kutoka vijiji vyote vya jirani zilijaa mbele ya kanisa, nyingi kuliko mwaka wowote, kwa sababu habari ya kuondoka kwa paroko ilikuwa imeenea. Watu walisimama pande zote za barabara mpaka mlimani. Paroko Odekerken alitoka na kanzu yake nyeupe, stola shingoni, kofia ya chuma na ndoo ya maji ya baraka. Ni mtu mkubwa. Nilikuwa nalijua hilo, lakini sikuwa nalijua kwa njia ya springi. Alipoketi, mbele ya pikipiki iliinuka kidogo, kama farasi anayeshangaa.

Tambarare tulikwenda kwa utukufu. Kimya kabisa. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye kinyunyizio chake. Nilisikia wanawake wawili wakiulizana yule ni nani. Nyuma yetu alifuata Thei, kisha Trina, kisha dunia nzima.

Kapelberg ulipoanza, injini ikapanda sauti. Nikaongeza mafuta. Ikapiga yowe. Pikipiki ikapunguza mwendo, polepole, kwa heshima, kama mtu anayetafuta jina la mtaa.

"Mwanangu Funs," paroko akasema nyuma yangu, "tumesimama, au ni macho yangu?"

Nikamjibu kwamba tunapanda, Baba.

"Kwa sababu Thei namwona vizuri sana sasa. Naona hata amenyoa vibaya."

Nilibadilisha gia. Nikabadilisha tena. Nilizitumia gia zote, pamoja na zile zisizofaa. Moshi wa harufu ya pamba inayoungua ukatoka chini ya miguu yangu, na upande wa kulia mtoto mmoja alimwambia mama yake kwamba padri anaungua. Kisha pikipiki ikasimama kabisa. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote, gia imeingia, klachi nimeiachia, na tumesimama. Halafu tukaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki. Thei akakanyaga breki. Trina akakanyaga breki. Nyuma yao nilisikia breki zikienda hadi bondeni.

Thei alisogeza pikipiki yake kando yetu, akazima injini. Sikutaka kumtazama, lakini alikuwa karibu mno.

"Funs. Umetia oili yangu?"

Nilijishughulisha na gia. Paroko akasema kwamba mahali hapa, mbele ya maji ya baraka, ni vizuri mtu ajibu. Nikasema ndiyo.

"Yangu ni ya magari, na injini yangu inaikubali kwa sababu klachi yangu ni kavu," Thei akasema. "Iko katika chumba chake, oili haiigusi. Yako inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini. Umeyapaka utelezi yale mabamba ya klachi yanayotakiwa kushikana. Injini inazunguka, gurudumu halina habari."

Nikamwambia angeniambia mapema. Akasema aliniambia: tia ya kwako. Na kwamba alimaanisha hivyo tu.

Halafu akamgeukia paroko, akapangusa kiti chake cha nyuma kwa mkono, akamkaribisha. Nikatazama juu. Kona ya mpiga picha ilikuwa pale juu, karibu sana, naiona. Picha ya mwisho. Na itakuwa tena Thei akitabasamu.

Paroko aliteremka. Alinyoosha mgongo, akautazama mlima, akanitazama mimi. Nadhani nilikuwa na sura fulani.

"Hapana, Thei," akasema. "Nilianza na mpumbavu huyu, nitamaliza naye."

Akampa Trina ndoo. Akakusanya kanzu yake, akaichomeka kwenye mkanda wa suruali, akashika chuma cha nyuma cha pikipiki yangu kwa mikono yote miwili, akaanza kusukuma. Nikamwambia Baba, haiwezekani. Akaniambia niangalie mbele. Thei naye akaja upande wa pili. Aliweka bega bila kunilaumu, na ninamlaumu hasa kwa hilo.

Mimi nilibaki juu ya kiti. Mtu mmoja lazima ashike usukani.

Na tulipofika kwenye kona nilikumbuka, katikati ya yote hayo, kufunga midomo na kutabasamu.

Paroko alibariki pikipiki zote mbele ya kikanisa akiwa anahema, na jasho limechanganyika na maji ya baraka. Alipofika kwenye yangu alinyunyizia mara mbili. Watu walilia kidogo alipowaaga. Trina alilia sana. Kisha Thei akanivuta kwa kamba hadi nyumbani, na tulipoingia mtaani kwetu alipunga mkono kuelekea kwenye dirisha langu la chumba cha kulala.

Jumatatu, 29 Aprili

Picha imetundikwa. Trina ameifanya kubwa kuliko zote. Imechukua nafasi ya mbwa na ya dirisha dogo. Paroko yuko nyuma, uso mwekundu, kanzu imechomekwa, soksi zake za kahawia zinaonekana. Thei anaonekana nusu: sikio, bega, mkono. Mimi niko mbele, nimenyooka, ninatabasamu kwa utulivu mkubwa. Mtu asiyejua angesema ninavutwa na malaika.

Nilikaa baani saa ya chakula nikawatazama wanaoitazama. Mbele ya picha za Thei hakusimama mtu. Mbele ya yangu walisimama wote. Wengine walirudi na ndugu zao. Kwamba walikuwa wanacheka ni suala la tafsiri. Paroko mwenyewe alikuja, akaiangalia muda mrefu, akaomba nakala aende nayo kwenye nyumba ya mapadri wastaafu. Akasema kule kuna mmoja anayejigamba kwamba alishawahi kumbeba askofu kwenye punda.

Kwa hiyo jambo hili limefaulu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Marjo haoni hivyo. Amenifungulia kile kitabu cha pikipiki juu ya meza, amekiwekea kijiko kisijifunge. Ukurasa wa oili. Unasema unene upi, kiasi gani, na unasema lazima kuwe na zile herufi mbili kwa sababu ya klachi. Nimeusoma. Umeandikwa wazi, siwezi kukataa. Lakini umeandikwa mwaka ambao watu walikuwa bado wanatumia simu za waya, na mtu makini hujiuliza sayansi imefika wapi tangu hapo.

Thei alipita na mabamba mapya ya klachi. Aliyapata kwa rafiki yake, atakuja kunisaidia kuyafunga Jumatano. Alisema nisafishe injini kwanza, nimwage yote, halafu ninunue oili ya pikipiki, ya kawaida, yoyote yenye herufi hizo. Alirudia mara mbili. Aliniandikia kiganjani kwa kalamu, M na A. Nilimshukuru. Nadhani bado kuna kitu anakificha.

Alasiri nilikwenda dukani. Madumu mawili yalikuwa kwenye rafu ileile, bega kwa bega. La kwanza lilikuwa la kijivu, na lina zile herufi mbili, na pikipiki ndogo isiyo na furaha. La pili lilikuwa jekundu kama pikipiki yangu, na lina picha ya gari la mashindano likiingia kwenye kona.

Nilitazama kiganja changu. Nikatazama madumu. Nilisimama hapo mpaka muuzaji akauliza kama nahitaji msaada.

Nimechukua jekundu. Sijawahi kuona gari la mashindano likisukumwa na padri.